Sura ya Tano: Mwezi wa Wavuvi na Mwezi wa Ukutani

Ukishuka kutoka Bukavu kwa barabara ya bonde la Ruzizi, ukapita Sange, Runingu na Kiliba, ukafika Uvira na kungoja usiku uingie, ziwa lenyewe litakuambia mwezi una siku ngapi. Kuna usiku ambao taa zimetapakaa majini kuanzia Kalundu hadi upande wa Burundi, nyingi kiasi cha mgeni kudhani anaona mji. Kuna usiku mwingine maji ni matupu. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wako nyumbani na watoto wao. Redio haikutangaza kitu, wala mkubwa yeyote hakutoa amri. Mbalamwezi imetoka, basi.

Vitabu vingi vya historia ya kalenda huanzia Babeli au Roma, na huuzungumzia mwezi kama mtumishi aliyekwisha kustaafu. Mimi naanzia Tanganyika ya kaskazini kwa sababu huku mwezi bado uko kazini. Ndio unaoamua fedha ziingie lini nyumbani na mboga ipungue lini sokoni. Anayetaka kuelewa kwa nini binadamu walihangaika maelfu ya miaka kuupatanisha mwezi na jua, na aangalie kwanza watu ambao mpaka leo wanaishi chini ya vyote viwili.

Samaki anayehusika ni ndakala. Wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, na huvuliwa pamoja na ndugu yake Limnothrissa miodon, yule yule aliyepandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye watu wa Bukavu na Goma wanamjua kama sambaza. Mchana ndakala hushuka kilindini, mbali na mwanga na mbali na mukeke wanaomwinda. Usiku hupanda karibu na uso wa maji akifuata vijidudu vidogo anavyokula, ambavyo navyo hupanda gizani. Taa ikiwashwa juu ya maji meusi, samaki hukusanyika chini yake. Wavuvi husubiri kwa saa kadhaa, kisha wavu unainuliwa.

Kazi hii ni ya zamani kuliko mafuta ya taa. Wazee wa mwambao walivua kwa mienge ya moto na lusenga, wavu wa kuchotea unaoshikwa kwa mkono. Katika miaka ya 1950 zikaja karabai, mitumbwi ikaunganishwa kwa boriti ili ibebe wavu mkubwa wa kuinua. Siku hizi karabai nazo zinaziachia nafasi taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Vyombo vimebadilika mara nyingi, ila kalenda ya kazi imebaki ile ile, kwa sababu hakuna taa inayoushinda mwezi mpevu. Mwanga wa mwezi mpevu ni kama sehemu moja tu kati ya laki nne za mwanga wa jua, lakini unaangukia ziwa zima kwa wakati mmoja. Taa ya mvuvi huangaza duara dogo. Penye giza, duara hilo ndilo mwanga pekee na samaki hulijia. Mbalamwezi ikitanda, mwanga uko kila mahali. Ndakala hutawanyika, na ekipe hurudi alfajiri na samaki wachache wasiolipa hata gharama za usiku.

Kwenye mialo ya dagaa ya Afrika Mashariki kipindi cha kazi huitwa giza. Mvuvi akiulizwa mambo yamekwendaje, atazungumzia giza lililopita kabla hajataja Machi au Aprili. Hiyo ni kalenda kamili. Ina mwanzo, ina mwisho, ina siku za kazi na siku za mapumziko, na tangu ilipoanza haijahitaji kuchapishwa.

Hesabu yake ni hii. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo unaofuata hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Mwezi huizunguka dunia kwa muda mfupi kuliko huo, siku 27 na karibu saa 8. Lakini wakati mwezi unazunguka, dunia nayo inasonga kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi huhitaji siku mbili zaidi ili kulikuta jua upande ule ule. Kila siku mwezi huchomoza kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Dakika hizo 50 ndizo mtaji wa mvuvi. Uvira iko karibu na ikweta, na jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huinuka juu ya vilima vya Burundi wakati jua linapozama nyuma ya milima ya Mitumba, na giza halipatikani hata kidogo. Siku tatu baadaye mwezi huchelewa hadi karibu saa mbili na nusu usiku. Hapo mwenye haraka tayari anaweza kuwasha taa na kuinua wavu mara moja kabla mwezi haujatoka. Baada ya wiki, nusu ya kwanza ya usiku yote ni yake. Kabla ya mwezi mpevu mambo hugeuka: mwezi uko juu tangu jioni, na giza hupatikana kuelekea alfajiri, mwezi ukishazama. Ndiyo sababu ekipe hazisimami kwa idadi ile ile ya siku. Nyingine hupumzika siku nne au tano, nyingine wiki nzima au zaidi, kila moja ikipima mafuta, betri, nguvu za watu na bei ya samaki.

Sasa tuondoke ufukweni tupande kidogo hadi Runingu, kwenye ardhi ya Wafuliiru, pale mto wenye jina hilo hilo unapotoka milimani na kuelekea Ruzizi. Watu wa hapa wanakula ndakala wa Uvira, lakini mashamba yao ya mahindi na mihogo hayajui habari za mbalamwezi. Yanasubiri mvua, na mvua za bonde hili huanza karibu Septemba au Oktoba, hukoma Mei, kisha huja kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mzunguko huo ni wa jua. Miezi kumi na miwili ya angani ina siku 354 na kitu, ilhali jua hukamilisha mwaka kwa siku 365 na karibu robo. Pengo ni siku 11.

Siku 11 zinaonekana ndogo. Mkulima wa Runingu anayepanda mahindi mwishoni mwa Septemba, kisha akaamua kupanda kila inapotimia miezi kumi na miwili ya angani, mwaka wa pili atatangulia kwa siku 11, mwaka wa tatu kwa siku 22. Baada ya miaka minane atakuwa anapanda karibu miezi mitatu mapema, katikati ya kiangazi, kwenye vumbi. Hapo ndipo penye shida yote ya kalenda duniani. Mwezi unahesabika kwa urahisi, kila mtu anauona bila kifaa. Jua ndilo linaloleta mvua, lakini halina uso unaobadilika wa kuhesabia siku. Na hesabu za viumbe hivi viwili haziingiani.

Kila taifa lilichagua njia yake. Wababeli waliweka mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka, nao Wayunani wakalihusisha jina la Meton wa Athene, mwaka 432 kabla ya Kristo, na ugunduzi kwamba miaka 19 ya jua inalingana karibu kabisa na miandamo 235 ya mwezi. Kalenda ya Wayahudi inaitumia kanuni hiyo hadi leo. Huna haja ya kuamini kwa maneno tu. Tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru, mwezi ulikuwa na umri wa kama siku sita, ukikaribia nusu. Ongeza miaka 19: tarehe 30 Juni 1979 mwezi ulikuwa vile vile. Ongeza tena: 1998, kisha 2017. Mwenye uhai atautazama mwezi ule ule wa uhuru tarehe 30 Juni 2036. Jaribu na siku yako ya kuzaliwa, msomaji. Ukifika miaka 19, 38 au 57, mwezi hurudi karibu pale pale ulipokukuta ukizaliwa.

Uislamu ulichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Uliikataa kabisa desturi ya kuongeza mwezi wa kumi na tatu. Mwaka wa Hijra, unaohesabiwa tangu mwaka 622, unaufuata mwezi peke yake na kuyaachia majira yaende zake. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya ukutani, na kwa takriban miaka 33 huzunguka majira yote. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Mwislamu wa bonde la Ruzizi aliyejaliwa umri mrefu amefunga kwenye mvua na amefunga kwenye kiangazi. Wenzetu wa pwani waliishi na kalenda mbili bila aibu: miezi ya dini, ambayo baada ya Ramadhani waliihesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili hadi Mfunguo Tisa, na kando yake mwaka wa jua wa Nairuzi kwa ajili ya kilimo na pepo za bahari, ambao sherehe yake bado inafanyika Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa.

Roma ililifuata jua. Miezi ya ukutani, yenye siku 30, 31 au 28, ni mabaki ya miezi ya kweli iliyokatwa uhusiano wake na anga. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda hiyo kwa kufuta siku kumi. Baada ya Oktoba 4 ikaja Oktoba 15. Hata hivyo kanisa halikuweza kuufukuza mwezi kabisa. Pasaka ilibaki Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake, na ndiyo maana huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25.

Kutokana na kanuni hizi hutokea jambo ambalo sijaona likiandikwa, ingawa kila mama anayeuza samaki angeweza kulieleza. Idi ya Fitri huanza mwezi unapoandama, maana yake katika usiku mweusi kabisa, katikati ya giza la wavuvi. Pasaka huja kila mara ndani ya siku saba baada ya mwezi mpevu, taa nyingi zikiwa zimezimwa au zimeanza tu kuwashwa. Ijumaa Kuu, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama na samaki anatafutwa kuliko siku nyingine yoyote, imewekwa na kanuni ya karne nyingi karibu kabisa na mbalamwezi, pale ambapo ndakala mbichi ni adimu Uvira. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka tarehe 13 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 20. Krismasi haina tatizo hili. Iko kwenye kalenda ya jua, na huukuta mwezi popote ulipo. Maaskofu waliopanga Pasaka hawakuwa na habari ya ziwa hili. Lakini ndivyo kalenda zilivyo: iliyotungwa kwa watu wa mbali ikihamia kwako, inakuja na njaa yake na shibe yake.

Kuna jambo jingine la hapa hapa. Mwezi mwandamo huonekana chini, upande wa magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama, na hauchukui muda nao kutua. Karibu na ikweta huonekana umelala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu; Ulaya husimama kiubavu. Mtu wa Uvira, hata hivyo, magharibi yake yote imezibwa na milima ya Mitumba, inayoinuka zaidi ya mita elfu mbili juu ya ziwa. Mwezi mchanga wa jioni ya kwanza unaweza kuwa umeshaingia nyuma ya milima kabla anga halijawa jeusi la kutosha kuuonyesha. Aliye Bujumbura, ng'ambo, anaitazama milima hiyo hiyo kwa mbali, ikiwa mifupi machoni, na ana nafasi kubwa zaidi ya kuuona. Kwa hiyo watu wa miji hii miwili, wanaoonana taa usiku, wanaweza kwa haki kabisa kutofautiana siku moja kuhusu mwanzo wa mwezi. Ninaposikia watu wakigombana kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, huikumbuka milima ya Mitumba. Tofauti nyingi za namna hii chanzo chake ni anga, ardhi na mawingu, na hazihitaji mtu kumshuku mwenziwe imani.

Wasafiri wenye almanaka za kuchapwa nao walipotea hapa. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipanda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa, wakathibitisha kwamba Ruzizi inaingia Tanganyika wala haitoki. Waliigundua njia ya mto, lakini tarehe zao za kukutana hazilingani: Stanley aliandika kwamba walikutana Ujiji Novemba 10, na shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Homa na safari ndefu huvuruga hesabu ya siku za karatasi. Mwezi ungeweza kuwasahihisha, kwa sababu Oktoba yoyote na Novemba yoyote, angani kuna mwezi mmoja tu na umri wake unaonekana.

Na hesabu hii katika bonde letu la Ufa inaweza kuwa ya zamani mno. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya Kongo hii hii. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Una mistari iliyochongwa kwa makundi katika safu tatu: safu mbili zina jumla ya mistari 60 kila moja, na ya tatu 48. Alexander Marshack, mtafiti wa Marekani, alipendekeza kuwa aliyeuchonga alikuwa akihesabu siku za mwezi kwa karibu miezi sita. Wengine wanaona mchezo wa namba, wengine wanaona alama za kushikia tu mpini. Hakuna aliyeshinda mjadala huo. Kinachojulikana ni kwamba watu wa Ishango walikuwa wavuvi. Vyusa vyao vya mfupa vimepatikana mahali hapo hapo. Mimi naegemea upande wa Marshack kwa sababu moja: naifahamu kazi ya ziwani, na najua mvuvi ana sababu ya kuhesabu usiku. Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia, mbali sana na ziwa lake.

Mtu wa pwani akisoma haya anaweza kudhani mwezi unatuvutia maji kama unavyowavutia wao. Sivyo. Unguja, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na mvuvi wa huko hupanga siku yake kwa bamvua na maji mafu. Tanganyika, pamoja na urefu wake wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, ni ndogo mno kwa mvuto huo. Kupwa na kujaa kwake hakuonekani kwa macho. Mwezi unatawala ziwa letu kwa mwanga peke yake.

Kwa sababu hiyo gharama ya kuusahau ni kubwa, na inalipwa na watu wasio na akiba. Kodi ya nyumba, ada ya shule na deni la duka vyote hudaiwa tarehe 30, bila kujali kama tarehe 30 imeangukia mwisho wa giza, mfuko ukiwa na kitu, au mwisho wa mbalamwezi. Kwa kuwa mwezi wa angani ni mfupi kidogo kuliko wa ukutani, tarehe hiyo huteleza juu ya giza mwaka mzima. Kuna miezi baba mvuvi anaonekana mlipaji mzuri na miezi anaonekana mdanganyifu, na kazi yake ni ile ile.

Hata sheria za kulilinda ziwa zimeandikwa kwa ukuta. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zenye ziwa. Naunga mkono kupumzisha samaki. Ndakala wanapungua, na nchi moja haiwezi kuwalinda peke yake. Lakini tazama tarehe. Agosti 15 mwaka ule ilikuwa siku nne kabla ya mwezi mpevu. Wavuvi waliovumilia miezi mitatu walifunguliwa ziwa wakati ule ule taa zisipofaa. Tarehe hizo hizo zikitumiwa mwaka 2026, mwezi unazaliwa Mei 16 na tena Agosti 12, kwa hiyo kufunga na kufungua kote kunaangukia katikati ya giza, ekipe zikiwa zimeshanunua vifaa vya kazi au zikipoteza nusu ya mavuno. Kusogeza tarehe kwa siku kumi kwenda mbele au nyuma kusingempunguzia samaki hata siku moja ya mapumziko.

Ninawaomba basi wote wanaotupangia tarehe, kuanzia mawaziri wa nchi nne hadi wakuu wa shule za Uvira na wenye likelemba, vikundi vya kuchangiana fedha, za mialoni: wekeni siku ya malipo baada ya giza, na fungueni ziwa giza linapoanza. Na ninyi mnaochapisha kalenda za ukutani, maparokia, misikiti na maduka, wekeni kwenye kila ukurasa alama nne za mwezi: mwandamo, nusu ya kwanza, mpevu na nusu ya mwisho. Tarehe zake zinajulikana miaka mingi mbele, na wino wake hauongezi bei.